Karani Aliyejenga Nchi Hewani

Mpunga ukianza kutoa masuke, familia nyingi za kijiji chetu cha Mbingu huhamia mashambani. Hubeba sufuria, chandarua na mikeka, wakajenga dungu juu ya nguzo, na watoto wakapandishwa huko kulinda ndege. Ndege hushuka kwa wingi asubuhi na jioni. Mchana jua likichoma hata wao hujificha, na saa hizo ndizo wazee walizokuwa wakizijaza hadithi.

Namkumbuka bibi mmoja aliyekuwa hodari kuliko wote wa upande wetu wa reli. Aliketi na kamba ya makopo imefungwa kwenye kidole gumba cha mguu. Ndege wakitua aliivuta, akapiga ukelele, kisha akaendelea pale pale alipoachia, bila kuuliza alikuwa amefika wapi. Siku moja, katika hadithi yake, zimwi lilikuwa limemteka binti na kumpeleka ng'ambo ya mto Kilombero. Mtoto mmoja akamkatiza: "Bibi, limevukaje na mto umefurika?" Wakubwa wengi wangemkemea. Yeye alitulia kidogo, akatazama kule mtoni, akasema: "Umeuliza vema, mjukuu wangu. Halikuvuka. Lilikaa juu ya kichuguu na yule binti mpaka masika yakaisha. Kwani zimwi halifi maji?"

Kuanzia hapo hadithi ikachukua njia nyingine. Ilibidi atueleze walikula nini kwenye kile kichuguu, moto waliuwashaje na kuni zote zimelowa, na jinsi binti alivyotumia siku zile za kungoja kuyasoma madhaifu ya mtekaji wake mpaka akajua lini hulala fofofo. Mwanzo wa hadithi ile nimeusahau. Niliyobaki nayo ni ile sehemu iliyozaliwa na swali la mtoto.

Ufundi wa hadithi za ajabu uko hapo. Zimwi lina nguvu za kutisha, lakini mto wa masika ni mto wa masika, nalo lazima liuheshimu. Msimulizi asiyejua hilo humwaga maajabu ovyo, na msikilizaji husinzia.

Katika maandishi ya Kiswahili sijaona aliyeyajua haya kuliko Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga. Tunamsifu kwa mashairi, kwa mapenzi yake kwa lugha, kwa mawaidha. Ni nadra kumsifu kwa kazi ninayoiona ngumu kupita zote hizo: kubuni nchi nzima ambayo haipo, na kumfanya msomaji aulize nauli ya kwenda huko. Katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, nchi inaelea hewani, haina mguu ardhini. Mipaka yake imetajwa kwa majina ya pepo ambazo kila baharia wa mwambao anazijua. Humo mna mfalme, waziri anayeitwa Majivuno, na mshtakiwa Karama anayejitetea barazani kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje wakatafute mema, kisha wakarudi kuadhibiwa. Mashtaka yanasomwa, utetezi unasikilizwa siku baada ya siku, hukumu inangojwa. Nchi iko hewani, lakini baraza lake lina utaratibu kuliko mabaraza mengi ya duniani.

Utaratibu huo aliutoa kazini kwake. Kuanzia mwaka 1926 hadi 1944 Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha, na hata baada ya hapo aliendelea na kazi za ofisi za serikali kwa miaka mingi. Karani wa forodha hufundishwa kuuliza: nini hiki, kimetoka wapi, ni kiasi gani, nani atakilipia? Tazama Adili na Nduguze. Ajabu kubwa ya kitabu kile, ndugu wawili waliogeuzwa manyani, ambao Adili ndugu yao analazimika kuwapiga kila usiku, haifunuliwi na mchawi wala mganga. Inafunuliwa na mjumbe wa mfalme aliyefika kwa ajili ya kodi. Kisa kile kina asili katika Alfu Lela Ulela, naye hakukiiga tu. Alikichukua akakipa maadili ya kwake na Kiswahili cha kwake, na mlango wa kuingilia katika maajabu akauacha pale pale penye hesabu za serikali.

Maandishi yake hayakuwa ajira. Aliyaandika akiwa mtumishi wa ofisi, mwenye familia na madeni ya kawaida ya mtu wa mshahara, na barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge, naye mwandishi, zilizochapishwa kitabuni mwaka 2002, zinaonyesha mtu ambaye hakuacha kuwaza vitabu vyake hata alipokuwa na shida nyingine kichwani. Kufikirika, ndugu yake Kusadikika, aliiandika miaka ya 1940. Ilichapishwa mwaka 1967. Yeye alikuwa amefariki tangu 1962.

Nasikitika ninapoona tunavyomsoma. Mwanafunzi anakutana na Kusadikika kupitia mwongozo: dhamira, wahusika, ujumbe, umuhimu wa kichwa cha kitabu. Anaambiwa kuwa nchi ile ni utawala wa kikoloni uliofichwa, jambo ambalo ni kweli, na basi hakuna la zaidi. Hakuna anayemwacha ashangae kwanza. Hakuna anayemuuliza kama angependa kuwa mjumbe, na angekwenda upande gani. Tumekifanya kitabu cha maajabu kuwa hati ya kutafsiriwa haraka ili maksi zipatikane, na kijana anafaulu bila kulifungua jalada lake.

Matokeo yake tunayaona. Euphrase Kezilahabi alipotoa vitabu vya Nagona na Mzingile, mwaka 1990 na 1991, alikuwa ameufikisha ufundi huu mahali ambapo hata Shaaban Robert hakufika, akiingia ndani ya ndoto na mauti yenyewe. Tulisema ni vigumu, tukaviachia vyuo vikuu. Kezilahabi akafariki Januari 2020, na vijana wengi wa umri wa kuandika leo hawajawahi kuvishika vitabu vile mikononi. Huku kwetu, kutoka Ifakara kuelekea Mlimba, katika maduka ninayoyajua ya vifaa vya shule nimekuta daftari, kalamu na miongozo. Mashambani madungu bado yanajengwa kila msimu, na ndege bado wanakuja. Watoto wamepewa simu ili wasichoke kukaa, na wasimulizi tuliowategemea wamezikwa mmoja mmoja bila mtu wa kuwakatiza na swali.