Mbega Hana Dole Gumba

"Babu, umesahau dole gumba!" Watoto wa shule walikuwa wamejazana barazani, Mtaa wa Sikukuu, wakimtazama mzee akichora mbega. Hakugeuka. "Mbega hana, wajukuu zangu. Ana kinundu tu. Vidole vinne vinamtosha kushika matawi." Akavuta brashi taratibu, manyoya meupe yakashuka mabegani kwa mnyama.

Mzee huyu ni wa mkondo wa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyeanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, akauawa kwa risasi mwaka 1972. Mkondo huo haujawahi kuiga kamera: chui hupewa madoa kadiri mchoraji apendavyo. Lakini fundi wa kweli hucheza na rangi, hachezi na mnyama. Nyani wa mzee ana pua ndefu ya kimbwa, na mkia unaopanda kidogo kisha unaanguka ghafla, utadhani umevunjika. Tumbili ana uso mweusi na ukingo mweupe. Dume lake lina korodani za buluu. Hizo mzee huzificha nyuma ya jani, wateja wasione haya.

Kima aitwaye kipunji, mzee humsimamishia nywele za utosini. Wanasayansi walimkuta Rungwe mwaka 2003, wakamtangaza 2005, na mwaka uliofuata wakamtengea jenasi yake peke yake. Wawindaji wa Kinyakyusa walikwishamjua. Lakini kipenzi cha mzee ni komba wa Rondo, mwenye mkia kama brashi ya kusafishia chupa. Ana gramu 60 hivi, macho yamemjaa uso, na anaishi hapo Pugu, pua na mdomo na jiji lililojaa watu wasiomjua.

Vuka sasa uingie Mtaa wa Congo. Fulana, mabegi, madaftari: kote kuna kimnyama kilekile cha kahawia, kinacheka, kina dole gumba na mkia uliojikunja. Leo kinaitwa nyani, kesho sokwe, na hakuna anayeuliza. Mashine inayokichapa haikosei kwa kutojua. Tumeiruhusu sisi, kwa kuwa bei ni nafuu na mtoto analia.

Mzazi, kabla hujalipa, geuza begi utazame mnyama kwa nyuma. Akiwa sokwe mwenye mkia, mrudishie mwenye duka.