Wanaojua na Wasiosema: Nguvu ya Tanzia ya Kigiriki Mbele ya Umma

Katika nadharia ya sanaa liko swali ambalo kada anayeshughulika na utamaduni hana budi kulijibu. Karl Marx alilitaja katika maandishi yake ya mwaka 1857. Alikiri kwamba si vigumu kueleza jinsi sanaa ya Wagiriki wa kale ilivyofungamana na hali ya uzalishaji mali ya zama zao. Kilicho kigumu ni kueleza kwa nini sanaa hiyo ingali inatugusa sisi tusio wa zama hizo. Utumwa wa Athens umekwisha. Miungu iliyoogopwa huko imebaki katika vitabu. Lakini mchezo wa Sophocles, ulioandikwa zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, ukichezwa vizuri leo bado unawaliza watu. Kwa nini?

Swali hili si la wasomi peke yao. Ni swali la siasa, kwa sababu kitu kinachoweza kuliza umma ni chombo, na kila chombo kina mwenye kukitumia. Makala haya yanalipima swali hilo kwa mchezo mmoja, Mfalme Edipode, na kwa mahali pamoja, Mkoa wa Simiyu, ambako mchezo huo una la kusema juu ya jambo la kufa na kupona.

Majibu mawili yenye kasoro

Jibu la kwanza ni la mabwanyenye. Wao husema kuwa tanzia ya Kigiriki inatugusa kwa sababu inaonyesha hulka ya binadamu isiyobadilika, na majaaliwa ambayo hakuna awezaye kuyakwepa. Jibu hili linamfunza mkulima kukunja mikono. Kama yote yameandikwa, hakuna wa kulaumiwa na hakuna la kufanya. Mwandishi wa Nigeria, Ola Rotimi, alilipinga jibu hilo kwa vitendo. Mwaka 1968, nchi yake ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, aliihamishia hadithi ya Edipode kwa Wayoruba na kuupa mchezo wake jina linalotamka wazi kwamba miungu isilaumiwe. Lawama aliipeleka kwa binadamu na chuki zao za kikabila.

Jibu la pili ni la wenye haraka ya kimapinduzi. Hawa husema: hii ni sanaa ya wamiliki wa watumwa, na tuitupilie mbali. Ni kweli kwamba gharama za kwaya zilibebwa na matajiri wa Athens, na kwamba watumwa hawakuwa na sauti katika mabaraza ya mji. Lakini urithi haukataliwi kwa sababu ya aliyeumiliki kwanza. Mwalimu Nyerere alitafsiri michezo miwili ya Shakespeare, mmoja ukatoka mwaka 1963 na mwingine mwaka 1969. Tafsiri ya Kiswahili ya Mfalme Edipode, iliyofanywa na Samuel Mushi, ilichapwa mwaka 1971, mwaka uleule TANU ilipotoa Mwongozo uliokemea viongozi wenye kiburi na ubwana. Hakuna aliyeona mgongano kati ya mambo hayo mawili, na haukuwepo.

Mtazamaji anayejua

Tuutazame mchezo wenyewe. Mji wa Thebes umepatwa na balaa: mazao yanakauka, mifugo inakufa, wanawake wanaharibu mimba. Watu wanamwendea mfalme wao awaokoe. Jibu linaletwa kutoka Delphi kwamba aliyemwua mfalme wa zamani, Laius, bado yumo nchini. Edipode anatoa amri hadharani: mtu huyo asipokewe na yeyote, afukuzwe. Hajui kwamba mwuaji ni yeye mwenyewe, kwamba aliyemwua ni baba yake, na kwamba mjane aliyemwoa ni mama yake.

Watazamaji wa Athens walioketi kwa maelfu chini ya kilima cha Acropolis walikijua kisa hiki tangu utotoni. Kwa hiyo nguvu ya mchezo haikutokana na hamu ya kujua mwisho. Ilitokana na jambo jingine: mtazamaji anajua, mhusika hajui, na mtazamaji hawezi kusema. Kila Edipode anapomlaani mwuaji, tunajua kuwa anajilaani mwenyewe, nasi tumekaa kimya.

Tena wachunguzeni wahusika. Teiresias, mtabiri kipofu, anajua. Akiitwa anaomba arudi nyumbani, na anasema tu baada ya kutukanwa. Jocasta anatambua kabla ya mumewe, na anamsihi aache kuuliza. Mchungaji mzee, mtumwa wa nyumba ya mfalme, amebeba siri kwa miaka mingi. Alipomwona Edipode kwenye kiti cha enzi aliomba apelekwe malishoni, mbali na mji. Mwenye kupaza sauti kuliko wote ni yule asiyejua. Wanaojua wamenyamaza, na sisi watazamaji tumo katika kundi lao. Huo ndio uchungu wa tanzia. Si huruma tupu kwa mfalme aliyeanguka. Ni uchungu wa mtu anayejua na asiyesema.

Ndiyo maana mchezo ukichezwa una nguvu kuliko ukisomwa. Msomaji aliye peke yake anaweza kufunga kitabu. Mtazamaji amekaa kati ya majirani, anaona uso wa mwenzake ambaye naye anajua, na ukimya wake unakuwa ukimya wa wote.

Mwanafunzi wa tabaka asipite bila kuona jambo jingine. Ushahidi wa mwisho, ambao mji mzima unautafuta, umo kichwani mwa mtumwa mchunga mifugo. Mtawala anaupata kwa kuamuru mzee huyo afungwe mikono nyuma na kutishiwa mateso. Sophocles hakuwa mwanamapinduzi, lakini ukweli wa jamii yake umeingia katika mchezo wake.

Simiyu na swali la nani

Mkoa wa Simiyu uligawanywa kutoka Shinyanga mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi. Ni nchi ya pamba na ng'ombe. Mkulima wa Itilima au Meatu hahitaji maelezo ili aelewe balaa la Thebes, kwani ukame na vifo vya mifugo anavijua. Wala hahitaji kufundishwa kwamba mtawala hubebeshwa dhamana ya balaa hilo. Katika Usukuma ya zamani mtemi alihesabiwa kuwa na dhamana ya mvua na rutuba ya nchi, na mambo yakiharibika aliweza kuondolewa. Waingereza walipoleta utawala wa kupitia kwa watemi, mtemi aliwajibika kwa Bwana DC kwanza, na nguvu ya watu juu yake ikapungua. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, utemi ulifutwa kisheria.

Hata namna ya kuhukumu sanaa si ngeni. Athens washairi walishindana mbele ya waamuzi. Usukuma, baada ya mavuno, vikundi vya Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Umma huu umezoea kuamua kwa miguu yake.

Lakini liko jambo zito zaidi linaloufanya mchezo huu uwahusu watu wa Simiyu. Ugonjwa ukiingia nyumbani, mtoto akifa, swali linaloulizwa ni lilelile la Thebes: nani amesababisha? Na mara nyingi mno, katika nchi ya Wasukuma, jibu limetoka kwa mpiga ramli na kuishia mlangoni kwa bibi kizee. Hesabu za kamati iliyoundwa na Chama katika miaka ya 1980 zilionyesha kuwa kati ya 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukuma. Bibi aliyepika miaka hamsini kwenye moshi wa kuni na samadi, macho yakawa mekundu, alihukumiwa kwa macho hayo. Kuanzia mwaka 2007, mauaji ya watu wenye ualbino yaliitikisa tena Kanda ya Ziwa, na nyuma yake walikuwepo waganga na wateja wenye tamaa ya utajiri.

Hapa tofauti ya Edipode na mpiga ramli ina maana kubwa. Ni kweli kwamba Edipode naye anaanza vibaya: anamtuhumu Teiresias, anamtuhumu Creon, anaona njama kila upande. Ni kweli pia kwamba uchunguzi wake umeanzishwa na kauli ya Delphi. Lakini kauli hiyo haikutaja jina, na jina alilolitaja Teiresias halikukubaliwa mpaka mashahidi walipolithibitisha. Edipode anaita watu, anapatanisha maelezo yao, na njia ilipoelekea mlangoni kwake hakusimama. Amri aliyoitoa akakubali imwangukie mwenyewe. Ramli husimama kwenye mlango wa mnyonge, hasa mnyonge mwenye shamba linalotamaniwa na ndugu zake.

Na nani anajua? Mara nyingi wauaji hawa wamekodiwa kwa fedha. Aliyewakodi ana jina, ana ukoo, ana deni la kulipa. Wako wanaojua: mke aliyesikia mazungumzo ya usiku, kijana aliyeona ng'ombe akiuzwa ghafla, mwenyekiti anayeelewa ugomvi wa mpaka. Wananyamaza, wengine kwa hofu, wengine kwa undugu, wengine kwa sababu wao wenyewe wanaamini marehemu alikuwa mchawi. Mfalme Edipode akichezwa uwanjani Bariadi, watu hawa wataketi saa nzima na zaidi wakijua jina la mwuaji na wasiweze kulitamka. Watayatambua maumivu hayo, kwa kuwa wanayo tayari.

Machozi na kazi

Je, machozi yatosha? Aristotle alieleza kwamba tanzia humsafisha mtazamaji kwa njia ya huruma na hofu. Bertolt Brecht aliitilia shaka tanzia ya namna hiyo: mtu akilia pamoja na mhusika hujiona ametimiza wajibu, kisha huenda kulala. Hoja ya Brecht ni nzito, lakini historia ya Athens yenyewe inaonyesha upande wa pili. Karibu mwaka 493 K.K. Phrynichus alionyesha mchezo juu ya kutekwa kwa Miletus, mji rafiki ulioangamizwa na Waajemi. Herodotus anasimulia kwamba umati wote ulilia, na mji ukamtoza mshairi faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha msiba ulio wao, na kupiga marufuku mchezo huo. Watawala hawapigi marufuku machozi yasiyo na hatari.

Wala tusiseme kwamba kila ukimya ni usaliti. Katika Kinjeketile cha Ebrahim Hussein, kilichochapwa mwaka 1969, kiongozi wa Maji Maji anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, maana neno hilo lingetumiwa na Wajerumani dhidi ya vita vya haki na vizazi vijavyo. Kipimo ni kimoja: ukimya huu unamlinda nani? Wa Kinjeketile uliwalinda wanaoonewa. Wa jirani wa bibi aliyekatwa panga unamlinda muuaji na aliyemlipa.

Kwa hiyo kazi ya kada haiishii kwenye kupanga viti. Mwaka 1982 Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi ya sanaa na wanakijiji wa Malya, wilayani Kwimba, jirani na Maswa. Wanakijiji walitafiti matatizo yao wenyewe, wakayaigiza kwa ngoma na michezo, kisha wakayajadili. Mjadala ulikuwa sehemu ya sanaa, si hotuba ya mgeni rasmi iliyobandikwa mwishoni.

Njia hiyo inafaa kwa Mfalme Edipode. Kwaya ya wazee wa Thebes ifanywe na wachezaji ngoma wa hapohapo. Mchungaji aseme kama mchungaji wa Meatu. Na mchezo ukiisha, viongozi wasiwe wa kwanza kusimama, kwani mchezo huu ni juu ya kiongozi aliyetafuta mkosaji kila mahali isipokuwa kwake. Wawape nafasi wanawake wazee waseme kwanza. Na atakayesema jambo zito alindwe kwa sheria tangu usiku huohuo, maana kumliza mtu anayejua na kisha kumwachia hofu yake ni kumfanya mshiriki wa ukimya kwa mara ya pili.