Picha Ipo, Anwani Ndiyo Iliyokufa

Mtu akifungua ukurasa wa tovuti na kukuta kisanduku kitupu mahali pa picha, hudhani picha imefutwa. Mara nyingi haijafutwa. Imekaa kwenye seva, nzima kabisa, ila ukurasa unaiita kwa jina ambalo seva hailitambui tena. Kwa anayetaka kuelewa jinsi jambo hili linavyotokea na linavyotibiwa, sioni darasa bora katika ukanda wetu kuliko tovuti za serikali ya Rwanda zinazoendeshwa kutoka Kigali. Historia ya anwani zake imebaki wazi, kwa kuwa watafiti wa dunia nzima wamekuwa wakizinakili kwenye marejeo ya tasnifu na ripoti zao.

Tazama anwani tatu za vizazi tofauti. Mkakati wa pili wa maendeleo ya uchumi na kupunguza umaskini, ule wa 2013 hadi 2018, ulinukuliwa kwa anwani ya Wizara ya Fedha na Mipango ya Uchumi: minecofin.gov.rw/fileadmin/templates/documents/NDPR/EDPRS_2.pdf. Mkakati uliofuata, wa 2017 hadi 2024, ulionekana mahali pengine katika wizara hiyohiyo: fileadmin/user_upload/MINECOFIN_Documents/NST_7YGP_Final.pdf. Siku hizi anwani nyingi za mafaili ya serikali hazina folda wala jina. Husomeka index.php?eID=dumpFile&t=f&f= kisha nambari, na mwishoni neno token likifuatiwa na mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu.

Nimetumia nyaraka za PDF kwa sababu moja. Picha na waraka hukaa chini ya dari moja na huvunjika kwa namna moja, lakini waraka hunukuliwa na wasomi, hivyo huacha alama. Picha ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya jamii ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi, haina wa kuinukuu. Ikipotea kwenye ukurasa wa wilaya, inapotea kimya, na pamoja nayo ushahidi kwamba barabara fulani ilichimbwa na wananchi wenyewe. Ndiyo maana jambo hili linaniuma zaidi kwa picha kuliko kwa ripoti.

Alama zilizomo katika anwani zile tatu zinataja mfumo uliozitengeneza. Fileadmin ni folda kuu ya wahariri katika TYPO3, programu huria ambayo Mdenishi Kasper Skårhøj alianza kuiandika mwaka 1997 na kuitoa kwa umma mwaka 2000. Kwa hiyo hatuzungumzii kuhama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine usiohusiana nao. Mfumo ni uleule, ila matoleo yamebadilika na mpangilio wa folda umepangwa upya. Hapo ndipo penye funzo, maana wengi huamini kwamba kubaki kwenye programu ileile kunalinda viungo.

Soma tena anwani ya kwanza. Baada ya fileadmin linakuja neno templates. Hiyo ni folda ya mafundi wa sura ya tovuti: rangi, nembo, vitufe, faili za mtindo. Waraka wa taifa uliwekwa ndani ya folda ambayo, sura mpya ikija, ndiyo ya kwanza kutupwa au kubadilishwa. Hatari ya namna hii ilikuwepo tangu siku faili lilipopandishwa, miaka mingi kabla ya tovuti kupangwa upya. Anwani ya pili imesahihisha hilo: user_upload ni mahali pa maudhui. Lakini kuna jambo jingine ndani yake, herufi kubwa. Katika wizara hiyohiyo kuna njia zenye folda MINECOFIN_Documents na nyingine zenye folda Minecofin. Kwa binadamu, neno Minecofin ndani yake ni jina moja lililoandikwa kwa mitindo miwili. Kwa seva ya Linux, M ikifuatiwa na i ndogo si sawa na M ikifuatiwa na I kubwa. Kijana aliyejaribu kurasa zake kwenye kompyuta ya Windows ataona picha zote, kwa kuwa Windows haijali ukubwa wa herufi, halafu ataduwaa zikitoweka siku ya kupandishwa kwenye seva. Kamera nazo huchangia: nyingi huandika .JPG kwa herufi kubwa, na mhariri akaandika .jpg kwa mazoea.

Kabla ya kugusa chochote, fundi mzuri husoma anwani ambayo kivinjari kimeiomba kweli, si ile iliyoandikwa kwenye msimbo. Kwenye kompyuta, kitufe cha F12 hufungua zana za msanidi, na sehemu ya mtandao huonyesha kila ombi na jibu lake. Jibu la 404 linasema hakuna kitu kwa jina hilo. La 403 linasema ombi limekataliwa, hata kama faili lipo. La 200 lenye aina ya maandishi badala ya picha ndilo la hila kuliko yote, kwa kuwa seva imetoa ukurasa mahali pa picha na kudai mambo ni sawa.

Kisha kuna njia zisizokamilika. Matoleo ya zamani ya TYPO3 yalizoea kuandika njia ya picha bila mkwaju (/) wa mwanzo, fileadmin/picha.jpg, na kutegemea mstari mmoja juu ya ukurasa unaotaja anwani ya msingi ya tovuti. Mstari huo ukiondoka, kivinjari huanza kuhesabu njia kutoka pale kilipo. Ukurasa wa mwanzo unapendeza, picha zote zipo. Msomaji akiingia /rw/amakuru/ kusoma habari kwa Kinyarwanda, kivinjari kinatafuta /rw/amakuru/fileadmin/picha.jpg, mahali ambapo hapajawahi kuwepo. Ukiona picha ziko kwenye ukurasa wa mwanzo na hazipo kurasa za ndani, acha kutafuta mafaili. Tiba ni mpangilio unaoitwa absRefPrefix, ambao huweka mkwaju mbele ya kila njia. Na kama mstari wa msingi umebaki lakini bado unasema http baada ya tovuti kuhamia https, vivinjari vya leo hujaribu kuipandisha picha kwenye https vyenyewe, na isipopatikana huko haviionyeshi.

Majina ya mafaili yana shida ya kwetu hasa. Kinyarwanda kina ritifaa kila mahali: umuganda w'urubyiruko, itangazo ry'akazi. Kifaransa kina é na ç. Picha kutoka simu hufika na jina refu lenye nafasi, kama WhatsApp Image 2019-05-25 at 10.14.12.jpeg. Mhariri akipandisha faili kupitia TYPO3 yenyewe, kwa kawaida mfumo husafisha jina: nafasi na ritifaa huwa mstari wa chini, é huwa e. Lakini fundi akipandisha folda nzima moja kwa moja kwenye seva kwa FTP, usafi huo haufanyiki. Matokeo yake ni picha mbili zenye majina yanayofanana kwa jicho, moja ikiwa Itangazo_ry_akazi.jpg na nyingine ikiwa na ritifaa iliyopinda kutoka simu, ambayo hata si ritifaa ileile ya kibodi ya kompyuta.

Mabadiliko makubwa yalikuja na toleo la 6.0 mwishoni mwa 2012. Kabla ya hapo, kila mhariri alipoweka picha kwenye ukurasa, mfumo ulitoa nakala na kuiweka uploads/pics. Jina likigongana, nakala iliongezewa _01 au _02. Ungeweza kusahihisha picha ya asili mara kumi na ukurasa usibadilike, maana ulikuwa ukionyesha nakala. Toleo la 6.0 lilianzisha jedwali linaloitwa sys_file, ambalo huliwekea kila faili nambari yake, na kurasa hurejelea nambari hiyo. Ni kama kitambulisho cha Mnyarwanda chenye tarakimu 16: mtu akihama Kimironko kwenda Nyamirambo, makazi yanabadilika na nambari inabaki. Faili likihamishwa ndani ya mfumo, kila ukurasa unaolitumia unajua. Likihamishwa kwa FTP nyuma ya mgongo wa jedwali, mfumo unabaki na rekodi ya faili ambalo haulioni.

Anwani za dumpFile zimetoka hapo. TYPO3 huzitengeneza pale hifadhi ya mafaili isipowekwa wazi moja kwa moja kwa umma. Herufi f baada ya t= inamaanisha faili lenyewe, nambari ni ile ya jedwali, na token ni muhuri unaokokotolewa kwa ufunguo wa siri wa mfumo, ili mtu asibahatishe nambari na kusoma yasiyomhusu. Naona huu ni uamuzi mzuri kwa serikali, kwa kuwa folda zinaweza kupangwa upya bila kuvunja kiungo. Lakini udhaifu umehamia kwingine. Tovuti ikihamishiwa seva mpya na fundi akatengeneza ufunguo mpya badala ya kubeba ule wa zamani, mihuri yote iliyokwisha kusambazwa inakuwa batili kwa mara moja. Mafaili yapo, nambari zipo, na kila kiungo cha nje kinajibu 403. Dalili ni hiyo hasa: 403 nyingi kwa pamoja, siku moja, bila faili hata moja kukosekana. Ufunguo ule ubebwe pamoja na hifadhidata.

Mhariri naye ana sehemu yake. Akifuta picha na kupandisha iliyorekebishwa, faili jipya hupata nambari mpya. Orodha ya mafaili ina chaguo la kubadilisha faili huku nambari ikibaki, na maafisa habari wa wilaya wangefundishwa hilo kabla ya jambo jingine lolote.

Kuna mtego mmoja wa picha ambao nyaraka hazina. Ukiona picha kwenye ukurasa wa TYPO3, mara nyingi si ya asili. Ni nakala iliyopunguzwa ukubwa, iliyomo fileadmin/_processed_, jina lake likianza na csm_ na kuishia na herufi na tarakimu zilizochanganyika. Mwandishi wa gazeti akinakili anwani hiyo na kuiweka kwenye makala yake, amenakili kitu cha muda. Msimamizi akisafisha nakala hizo, au ukubwa wa picha kwenye sura ya tovuti ukibadilika, anwani inaweza kufa huku picha ya asili haijaguswa.

Kwa kutibu uharibifu uliokwisha kutokea, nisingeanza na kurasa. Ningeanza na kumbukumbu za seva, nikachuja majibu ya 404, nikayapanga kwa idadi ya maombi. Anwani chache huwa zinabeba sehemu kubwa ya lawama. Kwa kila moja, Wayback Machine ya Internet Archive hueleza faili lilikuwa nini, na jedwali la sys_file hueleza kama bado lipo, kwa kuwa huhifadhi pia alama ya sha1 ya maudhui. Ukipata nakala ya zamani, kokotoa alama yake na uilinganishe: majina yanaweza kutofautiana kabisa na faili likawa lilelile. Yanayopatikana yawekewe uelekezo wa kudumu wa 301, anwani kwa anwani. Yaliyoondolewa kwa makusudi yapewe 410, ili injini za utafutaji ziache kuyauliza.

Kosa la kuepuka hapo ni kuelekeza kila anwani iliyokufa kwenye ukurasa wa mwanzo. Linafanywa mara nyingi, kwa nia njema. Kwa msomaji wa ripoti ni usumbufu tu, anajikuta mahali asipopataka. Kwa picha ni hasara mbili: kivinjari kinapokea ukurasa wa maandishi na kuonyesha kisanduku kitupu kilekile, na kumbukumbu za seva zinaandika 301 na 200, hivyo orodha ya 404 ambayo ungeitumia kuzitafuta picha hizo inakuwa tupu.