Panya Yupi? Uhakiki wa Istilahi katika Maelekezo ya Kupima Intalukini-6

Maelekezo yanayofungashwa pamoja na vitendanishi vya kupimia intalukini-6 ya panya ni matini fupi, kavu, yenye amri tupu: ongeza, subiri, suuza, soma. Kwa mfasiri huonekana mepesi. Wepesi huo unadanganya, hasa katika neno lisilodhaniwa kuwa istilahi, yaani panya.

Kiswahili humwita panya Mus musculus, na humwita panya vilevile Rattus norvegicus. Ghalani hakuna hasara. Maabara, hata hivyo, hutumia wote wawili, na kipimo cha ELISA, kilichoelezwa na Eva Engvall na Peter Perlmann wa Uswidi mwaka 1971, hutegemea kingamwili zilizoteuliwa kwa protini mahususi. Kingamwili ya kwanza, iliyobandikwa katika vishimo 96 vya sahani, hunasa intalukini. Ya pili huishika upande mwingine, na kimeng'enya kinachoambatishwa nayo huzalisha rangi. Protini ya spishi isiyokusudiwa huweza kushikwa kwa udhaifu, au isishikwe kabisa. Na sahani hailalamiki. Vishimo vya ulinganishi, vyenye protini ya Mus musculus, hupata rangi kama kawaida, mchoro wa viwango hutoka safi, na mnyama ambaye kinga yake imechachamaa huandikwa kuwa mtulivu.

Masuluhisho yanayojitokeza haraka hayatoshi. "Kipanya" hudokeza udogo, hivyo msomaji aweza kumdhania mtoto wa Rattus. "Panya mweupe" ni dhaifu zaidi: BALB/c, ambaye ni Mus, ni mweupe, Wistar, ambaye ni Rattus, ni mweupe pia, ilhali C57BL/6, Mus mwingine, ni mweusi. "Panya buku" naye ana mwenyewe tayari, yule Cricetomys anayefunzwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu.

"Unyeti" una kasoro ya aina hiyohiyo, ingawa ndogo. Hospitalini ni uwiano wa wagonjwa wanaotambuliwa na kipimo. Katika maelekezo haya ni kiasi kidogo kabisa cha protini kinachotambulika, kwa pikogramu katika mililita. "Kikomo cha chini cha utambuzi" kingefaa zaidi.

Kuhusu panya, jina la kisayansi halina budi kuandikwa kando ya neno hilo katika kichwa cha maelekezo, katika kila jedwali na juu ya kisanduku chenyewe. Linakwaza usomaji, ni kweli. Lakini mwenye pipeti mkononi husoma kisanduku kabla ya aya.