Fundi wa Greda

Masika yakishakata barabara, macho yote huwa kwa greda. Aliyelifanya liwake hatazamwi. Likizimika porini halivutwi kwenda gereji. Fundi ndiye hulifuata, amepakia spana zake kwenye pikipiki, turubai likawa paa.

Haidroliki ya greda haitaki papara. Kisu hushushwa hadi chini, injini huzimwa, presha hutolewa, ndipo mpira wa mafuta ufunguliwe. Mafuta yakitoka kwa presha kwenye tundu dogo kama la sindano hupenya ngozi, na mtu anaweza kukatwa mkono. Kwa hiyo panapovuja hutafutwa kwa kipande cha boksi, si kwa kiganja. Halafu kuna vumbi: chembe moja kwenye sili mpya, kesho unafungua tena.

Muuza vipuri naye (wengi humwona mchuuzi tu) huuliza namba ya mtambo kabla ya kutaja bei, maana magreda mawili ya modeli moja yanaweza kutumia sili tofauti. Akikosea, greda linabaki limezimika na malori ya mahindi yanaendelea kunasa barabarani.

Kijana anayejifunza huanza kwa kuosha vyuma kwa dizeli, mara nyingi kwa malipo ya nauli. Sijui nani aliamua kwamba hii ni kazi ya waliofeli.