Polisi 'waliotangulia' maandamano: Kitenzi 'pre-empt' na tafsiri zake

Majuzi nilisikia katika taarifa ya habari kwamba polisi 'waliyatangulia maandamano' jijini Nairobi. Nilisita kidogo. Polisi wanaoyatangulia maandamano ni polisi walio mstari wa mbele, pengine hata wameshika mabango! Picha zilionyesha kinyume: malori yao yalikuwa yamepazingira mahali pa kukutania tangu alfajiri, na kila aliyefika akatimuliwa. Bila shaka mwandishi alikuwa na kitenzi cha Kiingereza 'pre-empt' akilini.

Kitenzi hicho kimetokana na nomino 'pre-emption', ambayo asili yake ni Kilatini: 'prae', yaani kabla, na 'emere', kununua. Maana ya awali, basi, ni kununua kabla ya wengine. Sheria ya Marekani ya 1841 iliwapa walowezi waliokwisha kukaa kwenye ardhi ya serikali haki ya kuinunua, hadi ekari 160, kabla haijapigwa mnada. Baadaye maana ilipanuka: kuchukua hatua mapema ili jambo la mwenzako lisitokee. Ndani yake mna mawili, kutangulia kwa wakati na kumnyima mwingine nafasi. 'Tangulia' inabeba la kwanza tu. 'Zuia' inabeba la pili tu, maana hata maandamano yaliyokwisha kuanza huzuiwa.

Kiswahili kina 'wahi'. Wanafunzi wetu wengi wanalijua neno hili kwa 'umewahi kufika Mombasa?' na kuwahi basi, basi. Lakini sikiliza: 'Nilikitaka kile kiwanja, akaniwahi.' Yote mawili yamo, na ununuzi juu yake! Ningeandika: 'Polisi waliwawahi waandamanaji kabla hawajakusanyika.' Anayewahiwa awe mtu. Ukisema 'waliyawahi maandamano', msomaji ataelewa kwamba walifika kabla hayajaisha.

Wanasiasa wetu nao wana lao: 'Sitaki kupre-empt atakachosema kinara wetu.' Hawazungumzii kuzuia chochote. Hawataki kupasua mbarika kabla ya mwenyewe. Hapa 'sitaki kumtangulia kusema' inatosha kabisa. Ajabu, 'tangulia' niliyoikataa juu imepata kazi.

Linaloniudhi zaidi ni 'pre-emptive strike' kuandikwa 'shambulio la kujihami'. Tarehe 5 Juni 1967, Israel ilizipiga ndege za kivita za Misri zikiwa bado viwanjani. Watetezi wake husema ilimuwahi adui aliyekuwa akijiandaa kushambulia. Wapinzani husema huo ulikuwa uchokozi, na wanasheria wa kimataifa wangali wanabishana. Mhariri akiandika 'la kujihami', ameshatoa hukumu, tena kwa maneno ya upande mmoja. 'Shambulio la kumuwahi adui' linasema nani alianza na kwa nia gani, na suala la haki linabaki mikononi mwa msomaji.