Kibarua Asiye na Barua: Riwaya ya *Kuli* na Mchumaji wa Kibugu

Riwaya ya *Kuli* ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1979, imesifiwa kwa kumtoa mfanyakazi pembezoni mwa hadithi na kumweka katikati. Sifa hiyo yastahili. Lakini wahakiki wamezoea kuichukua kama kipimo cha fasihi yote ya wafanyakazi, na hapo ndipo pana haja ya kuuliza: kipimo hicho kinamtosha mfanyakazi wa namna gani?

Muundo wa *Kuli* umetokana na mazingira ya bandari. Rashidi na wenzake hukusanyika mahali pamoja, hubeba mizigo ya meli zile zile, na dhuluma yao hutoka upande mmoja. Kwa hiyo manung'uniko huzaa mkutano, na mkutano huzaa mgomo. Historia yenyewe yaunga mkono mpangilio huo. Wafanyakazi wa Mombasa waligoma Januari 1947. Makuli wa Unguja wakafuata mwaka 1948, na mgomo huu wa pili ndio kiini cha riwaya. Fani na maudhui vimeafikiana.

Mpangilio huo ukipelekwa Kibugu, Embu, hauwezi kusimama. Katika miteremko hiyo ya Mlima Kenya, chai hulimwa upande wa msituni na kahawa upande wa chini, nayo mashamba mengi ni madogo. Mchumaji hulipwa kwa kilo za majani mabichi au kwa debe la kahawa. Shamba dogo la chai halichumwi kila siku; hupita wiki moja au mbili kabla ya michipukizi kukomaa tena. Basi mchumaji huyo huyo leo yuko kwa jirani huyu, kesho kwa yule. Hana lango la kulifunga, wala wenzake mia wa kusimama naye asubuhi moja.

Tamthilia ya *Nitaolewa Nikipenda* ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, iliyochezwa kwa Kikuyu huko Kamiriithu mwaka 1977, inakaribia zaidi hali hii. Kiguunda ana ekari moja na nusu, naye ni kibarua wa Kioi. Hata hivyo Kioi ni tajiri, na mpaka wa matabaka waonekana wazi. Mwajiri wa Kibugu mara nyingi ni mkulima mdogo ambaye naye angojea malipo ya kiwanda na bonasi ya mwaka. Kumpaka rangi ya Kioi ni kusema uwongo. Kumsamehe kwa sababu naye ni maskini ni kumsahau mchumaji. Mgongano huu mgumu ndio ambao fasihi yetu haijaupatia fani.

Lugha yenyewe yatoa dokezo. Neno *kibarua* ni udogo wa *barua*: mfanyakazi wa kutwa aliitwa kwa jina la kikaratasi alichopewa kuthibitisha kazi yake, apate kulipwa. Ndugu yake ni *kipande*, hati ambayo serikali ya kikoloni ya Kenya, kwa sheria ya 1915, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kuichukua. Kipande kilikuwa pingu, nacho kikaratasi kilikuwa ushahidi. Siku hizi pingu imeondoka, na ushahidi nao umeondoka. Majani yapimwapo kwenye kituo cha kununulia chai, kilo huandikwa kwa namba ya mkulima. Jina la aliyezichuma halimo. Kibarua amebaki na jina, barua imepotea.

Upungufu huu una matokeo. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 41, yampa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini na kupata ujira wa haki. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mkataba. Lakini sheria hiyo, kama riwaya, yamwaza mwajiri mmoja. Anayegawa wiki yake kwa majirani watatu haufikii mwezi kwa yeyote kati yao, hata kama hajapumzika mwaka mzima.

Hakuna katika haya kinachopunguza thamani ya *Kuli*. Uzito wa mzigo juu ya mwili wa binadamu haujaelezwa vizuri zaidi kwa Kiswahili. Linalopingwa ni mazoea ya uhakiki ya kuihesabu kazi isiyofikia mgomo kuwa kazi isiyo na hadithi. Mtunzi atakayemwandika mchumaji wa Kibugu itambidi aanzie mahali padogo zaidi kuliko bandari: penye mizani, jioni, wakati kilo zinapoandikwa, na mwenye kikapu anapouliza kwa nini jina lake halimo daftarini.